Nani Aliwaamsha? Historia Fupi ya Wakimbiaji wa Ridhaa

Mwezi wa tano mwaka jana niliacha kukimbia bila kumwambia mtu. Sikuwa nimeumia. Mvua ilikuwa imepungua. Alamu ililia saa kumi na moja kasorobo kama kawaida, nikaizima, nikalala. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu hata sikuiweka. Raba zangu, ambazo nilizitoa Gikomba baada ya kubishana bei mpaka muuzaji akachoka na mimi, zilibaki chini ya kitanda na tope la wiki iliyopita.

Najua kuacha kukimbia si jambo kubwa. Hakuna mtu atakuja kukudai. Shida ni kwamba mimi nina rekodi. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Watu wakiniuliza nasema ni karo, na kweli deni la karo lilikuwepo, lakini huo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba asubuhi moja sikuamka kwenda darasani, halafu ya pili yake, halafu ya tatu, na hapo nikawa nimeshaacha kabla sijaamua kuacha. Kwa hivyo ile siku ya tatu bila alamu ilinishika vibaya. Nilikaa kitandani nikajiuliza: kwani mimi ni mtu wa kuacha tu?

Wakati huo nilikuwa nimepata kakazi ka kuandika maelezo ya picha za zamani za michezo. Malipo kidogo, lakini kodi ni kodi. Ndani ya zile picha kulikuwa na wanariadha wa Kenya wa miaka ya hamsini na sitini, wembamba, wengine miguu mitupu. Si hawa wa leo wenye mikataba ya viatu na meneja Ulaya. Hawa walikimbia wakati sheria za riadha duniani zilikataza mtu kulipwa hata senti. Nikaacha kuandika maelezo nikaanza kusoma. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: kama hakukuwa na pesa, nani aliwaamsha?

Tuanze na neno. Kwa Kiswahili, anayecheza bila kulipwa anaitwa mchezaji wa ridhaa. Kwa miaka mingi mimi nilidhani ridhaa na riadha ni ndugu, pengine hata ni neno moja lililotamkwa vibaya. Si ndugu. Yote mawili yametoka Kiarabu, lakini kila moja na mzizi wake. Riadha ni mazoezi, na mzizi wake unabeba habari ya kumfunza farasi mkali mpaka azoee kupandwa. Ridhaa ni kukubali, moyo kuridhika. Ukiyaweka pamoja unapata picha: riadha ni kumfunza mnyama, ridhaa ni mnyama mwenyewe kukubali. Ukishajaribu kukimbia Outering saa kumi na moja asubuhi, baridi ya Juni ikikupiga masikio, unajua wewe ndiye yule mnyama.

Lakini hiyo ridhaa haikuanza kwa nia safi. Sheria ya kutolipwa ilitoka Uingereza, na ilikuwa ukuta. Katika miaka ya 1860, klabu ya riadha ya mabwana wa London iliandika kwamba mwanamichezo wa ridhaa ni bwana ambaye hajawahi kushindania pesa, na pia si fundi, wala mtu wa kazi za mikono, wala kibarua. Soma tena. Fundi hakuruhusiwa hata kama hakulipwa chochote. Sababu yao ilikuwa kwamba mtu anayebeba mizigo mchana kutwa ana nguvu ambazo bwana hana. Chama kipya cha riadha cha Uingereza kilichoundwa mwaka 1880 kiliondoa kifungu cha mafundi, lakini kile cha pesa kilibaki na kikaingia Olimpiki. Shirikisho la riadha la dunia, lililoundwa 1912, lilibeba neno la ridhaa ndani ya jina lake mpaka 2001.

Ukuta huo uliwaumiza watu. Jim Thorpe, Mmarekani wa asili ya Sac na Fox, alishinda dhahabu mbili Stockholm mwaka 1912, halafu mwaka uliofuata akanyang'anywa kwa sababu alikuwa amewahi kulipwa vijisenti akicheza besiboli ya ligi ndogo. Alifariki 1953 bila hizo medali. Uamuzi wa kuzirudisha ulikuja 1982. Paavo Nurmi wa Finland, mwenye dhahabu tisa za Olimpiki, alifungiwa nje ya michezo ya Los Angeles mwaka 1932 kwa tuhuma za kulipwa. Bwana mwenye shamba angeweza kukimbia maisha yake yote kwa ridhaa. Mtu wa kawaida alilazimika kuchagua kati ya kukimbia na kula.

Sasa chukua sheria hiyo uilete Kenya ya ukoloni. Chama cha riadha cha Kenya kilianzishwa 1951, nacho kikiwa na neno la ridhaa kwenye jina. Mwaka uliofuata hali ya hatari ikatangazwa. Aprili 1954, Operesheni Anvil ilizingira Nairobi, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakakamatwa na kupelekwa kambini. Miezi mitatu baadaye, Julai, Wakenya wawili walikuwa London kwenye uwanja wa White City, wakikimbia mbele ya Waingereza. Serikali iliyokuwa ikiwafungia watu huku nyumbani ilipenda picha hiyo: Mwafrika mtulivu, mwenye nidhamu, anayekimbia pale alipoambiwa. Hilo lazima lisemwe. Lakini wale wawili hawakuwa picha.

Wa kwanza alikuwa Lazaro Chepkwony. Aliingia mbio za maili 6, mizunguko 24, bila viatu. Alikimbia kwa mtindo uliowachanganya Waingereza: anafyatuka, anapunguza, anafyatuka tena, huku wenzake wakishika mwendo mmoja kama saa ya ukutani. Baada ya mizunguko 15 mguu ukamkataa, akatoka. Hakumaliza.

Nilipofika hapo niliweka simu chini. Mkenya huyu, miongoni mwa wa kwanza kabisa kukimbia mbele ya umati wa London, jina lake limebaki kwenye vitabu, na mbio zenyewe hakumaliza. Huo mtindo wake wa kufyatuka na kupunguza, leo nenda Iten siku ya Alhamisi uone mamia ya watu wakiufanya kwenye barabara ya vumbi: dakika ya kasi, dakika ya polepole, kwa karibu saa nzima. Wanauita fartlek, neno la Kiswidi lenye maana ya kuchezea kasi. Sisemi waliutoa kwa Chepkwony. Nasema kile kilichoonekana London kama ushamba hakikuwa ushamba.

Wa pili alikuwa Nyandika Maiyoro kutoka Kisii. Kesho yake alikimbia maili 3 akamaliza wa tatu, nyuma ya Fred Green na Chris Chataway, Waingereza wawili ambao siku hiyo walivunja rekodi ya dunia kwa muda mmoja. Mwezi uliofuata, kwenye michezo ya himaya huko Vancouver, akawa wa nne. Olimpiki ya 1956 Melbourne, ya kwanza kwa Kenya, akawa wa saba mita 5000. Roma 1960, wa sita. Hesabu vizuri: wa tatu, wa nne, wa saba, wa sita. Hakuna medali ya Olimpiki hapo. Miaka sita ya kuamka, bila kulipwa, na hakuna dhahabu ya kupeleka nyumbani. Halafu Kipchoge Keino na wenzake wakaja, wakapita kwenye njia ambayo tayari ilikuwa na alama za miguu.

Mimi nilitarajia kusoma kwamba watu hawa walikuwa na moyo wa chuma. Mitandaoni ndivyo tunavyoambiwa: motisha iko ndani yako, itafute. Lakini kadiri nilivyosoma, ndivyo nilivyozidi kuona kitu kingine. Wilson Kiprugut Chumo, aliyeleta medali ya kwanza ya Olimpiki ya Kenya, shaba ya mita 800 Tokyo mwaka 1964, alikuwa mwanajeshi. Keino alikuwa polisi, mwalimu wa mazoezi ya viungo kwenye chuo cha Kiganjo. Wengine walikuwa magereza. Kikosi kilikuwa na mashindano yake, kisha polisi dhidi ya jeshi dhidi ya magereza, kisha mkoa, kisha taifa. Mshahara ulikuwa wa upolisi, si wa kukimbia, kwa hivyo sheria ya ridhaa haikuvunjwa. Lakini mkubwa wako alitaka ukimbie, mwenzako wa kitanda cha pili alikuwa anaamka saa ileile, na tarehe ya mashindano ilikuwa imebandikwa ukutani.

Kwa hivyo ukiniuliza nani aliwaamsha, jibu la kwanza ni rahisi kuliko nilivyotaka. Filimbi iliwaamsha. Walikuwa na moyo, ndio, lakini moyo ulikuwa na mahali pa kusimama. Hata wanawake walihitaji mahali hapo, na kwao palikuwa padogo zaidi, maana nafasi nyingi za vikosi zilikuwa za wanaume. Kenya ilipopeleka wanawake Olimpiki kwa mara ya kwanza, 1968, walikuwa watatu tu: Lydia Stephens, Elizabeth Chesire na Tecla Chemabwai, ambaye alikuwa bado msichana wa shule. Medali ya kwanza ya Olimpiki ya mwanamke Mkenya ilisubiri mpaka 1996, Pauline Konga alipochukua fedha ya mita 5000.

Mexico 1968 kila Mkenya anadhani anaijua. Keino alikuwa na ugonjwa wa nyongo, na madaktari walimwambia asikimbie. Tarehe 13 Oktoba, kwenye fainali ya mita 10,000, tumbo lilimkata zikiwa zimebaki raundi chache, akaanguka pembeni ya njia. Siku hiyo Naftali Temu akaipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Keino angeweza kwenda nyumbani, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alikimbia mbio sita ndani ya siku nane. Mita 5000 alipata fedha, sekunde 0.2 nyuma ya Mohammed Gammoudi wa Tunisia. Tarehe 20 Oktoba ilikuwa fainali ya mita 1500. Inasimuliwa kwamba basi lilikwama kwenye jamu, akashuka, akakimbia mpaka uwanjani. Hii ni sehemu ambayo mtu wa Nairobi anaielewa bila kuelezwa. Alimshinda Jim Ryun wa Marekani, aliyekuwa na rekodi ya dunia, kwa karibu sekunde tatu.

Lakini mimi safari hii sikumwangalia Keino. Nilimwangalia kijana aliyekuwa mbele yake raundi ya kwanza. Ben Jipcho alifyatuka na kumaliza mita 400 za kwanza kwa sekunde 56, mwendo wa kichaa kwa mji ulio mita 2,240 juu ya bahari. Kazi yake ilikuwa kuharibu mbio, kumnyima Ryun nafasi ya kutumia kasi yake ya mwisho. Akachoka, akamaliza wa kumi. Mtu alifanya mazoezi miaka, akafika fainali ya Olimpiki, akaitumia kumvuta mwenzake.

Jipcho alirudi. Munich 1972 alipata fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji, nyuma ya Keino huyohuyo. Christchurch 1974, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola, alipata dhahabu mbili na shaba moja. Halafu akafanya kile sheria ilikataza: alijiunga na mashindano ya kulipwa ya Marekani, ambako Keino alikuwa ametangulia, akawa miongoni mwa waliovuna zaidi. Mlango wa Olimpiki ukafungwa. Yale mashindano yenyewe yalikufa 1976. Unaweza kusema aliuza ridhaa yake. Mimi ninayeandika kwa kulipwa kwa kila neno siwezi kumtupia jiwe. Alikuwa amekimbia bure kwa muda mrefu wa kutosha, tena mara moja kwa faida ya mtu mwingine.

Hapo nilikwama. Hawa watu ni wakubwa mno. Mimi sina kikosi, sina filimbi, na nikikimbia kilomita 5 bila kusimama nahesabu kuwa sikukuu. Wanafundisha nini mtu kama mimi? Jibu nililipata kwa aliyemshinda Kiprugut pale Tokyo. Dhahabu ya mita 800 ilikwenda kwa Peter Snell wa New Zealand, na kocha wa Snell alikuwa Arthur Lydiard, mtu wa kiwanda cha viatu mjini Auckland.

Lydiard hakuanza kama kocha. Mnamo 1945, akiwa na miaka 27 au 28 na akijiona yuko sawa kwa kuwa amecheza raga, alitoka kukimbia maili 5 na rafiki yake akakaribia kuzimia. Akaogopa: kama nahisi hivi sasa, nikifika miaka 47 nitakuwaje? Akaanza kujifanyia majaribio mwenyewe. Mchana kiwandani, kwa kipindi fulani usiku akisambaza maziwa kujazia mshahara, na katikati ya hayo anakimbia. Alikimbia kidogo mno, akakimbia kupita kiasi, akaandika kilichomwacha na nguvu na kilichomuua. Baadaye vijana wa mtaani kwake wakaanza kumfuata. Septemba 1960 huko Roma, wawili kati yao, Snell na Murray Halberg, walishinda dhahabu ndani ya muda wa saa moja.

Kilichonigusa si hizo dhahabu. Baada ya hapo Lydiard aliwachukua watu wa kawaida, wengine wanene, wengine waliowahi kupata mshtuko wa moyo, akawaambia wakimbie polepole. Polepole kiasi cha kuweza kuongea na mwenzako bila kuhema. Klabu yao ilianza Auckland mwaka 1962. Mwaka huohuo, mwezi wa Desemba, kocha wa Marekani Bill Bowerman alitembelea huko, akatoka nao asubuhi, na akaachwa nyuma. Mzee wa zaidi ya miaka 70, aliyekuwa na historia ya ugonjwa wa moyo, ndiye aliyepunguza mwendo ili kumsindikiza. Bowerman akarudi Oregon, akaanzisha kitu kilekile, na mwaka 1967 akatoa kitabu kuhusu kukimbia polepole kwa ajili ya afya, kilichouzwa sana. Miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa ameshirikiana na mwanafunzi wake wa zamani kuanzisha kampuni ndogo ya viatu, ambayo leo unaijua kama Nike. Ile raba yangu ya Gikomba ina ukoo wake pale.

Kwa hivyo mtu anayekimbia bila ndoto ya medali, anayekimbia tu, naye ana historia. Na ukiitazama inafanana na ya Kiganjo kuliko unavyodhani. Auckland hakukuwa na mkubwa wa kikosi, lakini kulikuwa na mahali pa kukutania, saa inayojulikana, na mwendo usiomwaibisha mtu. Yule mzee aliyemngoja Bowerman alikuwa anafanya kazi ya Jipcho kwa upande mwingine: Jipcho alivuta kwa kasi, yeye alivuta kwa upole.

Niliporudi barabarani ilikuwa wiki ya tatu ya Juni. Pale kituo cha mafuta, karibu na stejini, kuna kikundi ambacho nilikuwa nakipita kila asubuhi nikijifanya nimevaa vipokea sauti. Nesi mmoja anayetoka zamu, fundi wa simu, mama anayeuza chapati ambaye lazima awe amemaliza kabla ya saa kumi na mbili, na mzee mmoja, askari wa usiku kwenye maduka, anayekimbia na koti la kazi. Siku hiyo nilipunguza. Mzee akaniangalia.

"Kijana, ulipotea."

"Ni kazi tu, mzee."

"Tulikuwa tunakuhesabu. Tukasema yule mrefu wa soksi nyeusi leo hayuko. Kesho hayuko. Mama Chapati akasema labda umehama."

Sikuwa na jibu. Wiki zile zote nilidhani nimeacha peke yangu, gizani, bila shahidi. Kumbe kulikuwa na watu wanne waliojua. Chuoni sikumbuki kama kuna mtu alinihesabu. Pengine alikuwepo, na mimi ndiye niliyempita nikiwa nimeziba masikio.

Tangu siku hiyo nakimbia nao. Tuna kundi la WhatsApp lenye ujumbe mmoja tu kila usiku: nani yuko kesho. Unaandika namba. Tumejiandikisha mbio za kilomita 10 mwezi wa kumi, wote watano, na Mama Chapati ndiye aliyeshika pesa za usajili ili tusizile. Kuna asubuhi bado nazima alamu. Wiki jana nilikosa mbili mfululizo, na ya tatu niliamka kwa hofu zaidi kuliko motisha, lakini niliamka. Chepkwony alitoka raundi ya 15 na bado ana jina. Nadhani mimi naweza kukosa Jumanne na bado nikawa mkimbiaji Alhamisi.

Kuhusu chuo, bado sijaamua. Nilienda kuulizia mwezi uliopita, nikapewa fomu ya kurudi, iko juu ya meza. Haijajazwa. Sitaki kukudanganya kwamba kukimbia kumenitatulia maisha.

Usiku huu nimeandika namba yangu kwenye kundi. Mimi ni wa tatu. Mzee ameandika "1" saa mbili usiku, akiwa kazini.